Wicklow, Kerry au Dingle: uchague njia ipi ya kutembea kwa miguu Ireland?

Ireland ina njia nyingi za kutembea kwa siku kadhaa, lakini mtu anayetoka mbali, mwenye wiki moja au mbili za likizo na asiyetaka kubeba hema, mara nyingi hujikuta akichagua kati ya tatu. Wicklow Way huanzia ukingoni mwa jiji la Dublin na kushuka kusini kupitia milima na mabonde ya Wicklow, kilomita 130 hivi. Kerry Way huzunguka rasi ya Iveragh, kusini-magharibi, kilomita zipatazo 214. Dingle Way huzunguka rasi jirani, upande wa kaskazini wa Iveragh, karibu kilomita 180.

Ukitazama picha zake utachanganyikiwa, maana zote zina kijani kilekile, kondoo walewale na mawingu yaleyale. Uzuri hautakusaidia kukata shauri. Mimi hupima njia ya siku nyingi kwa mambo mawili: usiku utalala wapi, na mvua ikikukamata katikati utatokaje. Ukizipima hivyo, njia hizi tatu hazifanani hata kidogo.

Kabla ya kuchagua

Kwa wengi wetu Afrika Mashariki, kupanda mlima maana yake ni Kilimanjaro: wapagazi, mpishi, mwongozaji, ada za hifadhi, na kichwa kinachouma kwa sababu ya hewa nyembamba. Ireland hakuna hayo. Carrauntoohil, mlima mrefu kuliko yote nchini humo, una mita 1,038. Mitaa ya Arusha iko juu kuliko kilele chake. Na hizi njia tatu hazipiti kileleni. Wicklow Way hufika kama mita 630 pale juu kabisa, Dingle Way hukaribia mita 650 siku moja tu, na Kerry Way hukaa chini ya mita 400 safari nzima. Hulipi kiingilio na hulazimiki kuwa na mwongozaji. Unafuata nguzo nyeusi zilizochorwa mtu wa njano anayetembea, na mshale wa kukuonyesha pa kukata kona.

Mizigo nayo ina utaratibu wake. Zipo kampuni zinazochukua sanduku lako asubuhi kwa gari, ukalikuta jioni kwenye nyumba ya wageni inayofuata, nawe ukatembea na begi dogo lenye maji, chakula na koti la mvua. Huduma hii ipo katika njia zote tatu. Ichukue. Kilo 15 mgongoni kwenye tope ni habari nyingine kabisa.

Tope lenyewe ndilo la kuogopa. Sehemu kubwa ya milima ya Ireland imefunikwa na kinamasi cha udongo mweusi wa mimea iliyooza, unaonyonya maji na kuyashika mwaka mzima. Juu kunaonekana nyasi, ukikanyaga mguu unazama hadi kwenye kifundo, wakati mwingine hadi goti. Raba za mazoezi hazifai. Vaa buti ngumu zisizopitisha maji, na ziwe zimeshazoea miguu yako kabla hujapanda ndege.

Kuna jambo la karatasi ambalo huwakwamisha watu. Ireland haimo katika eneo la Schengen. Viza ya Ufaransa au Ujerumani haikuingizi Dublin, na mwenye pasipoti ya Kenya au Tanzania anahitaji viza ya Ireland yenyewe. Ukipitia London, angalia pia masharti ya Uingereza ya abiria wa kupita. Liwe la kwanza hilo, nyumba za kulala zifuate.

Wicklow Way: milima na mabonde, nusu saa kutoka jijini

Njia hii ndiyo iliyozaa nyingine zote. J.B. Malone, aliyekuwa akiandika gazetini kuhusu matembezi, aliipendekeza mwaka 1966 kwenye kurasa za Evening Herald. Sehemu ya kwanza ilifunguliwa mwaka 1980, ikawa njia ndefu ya kwanza nchini kuwekewa alama rasmi. Malone alifariki mwaka 1989, na jiwe la kumbukumbu yake liko pembeni mwa njia, juu ya ziwa Lough Tay, mahali ambapo kila mpita njia husimama hata kama hajui jiwe ni la nani, kwa sababu ziwa liko chini kabisa, jeusi, na mchanga mweupe umelizunguka upande mmoja.

Unaanzia Marlay Park, bustani ya umma kusini mwa Dublin, unakofika kwa basi la mjini. Katika saa mbili tatu za kwanza unapanda hadi ghuba nzima ya Dublin iko nyuma yako. Halafu jiji linapotea, na ndipo utamu wa Wicklow unapoanza: mlima, bonde, mlima, bonde. Unashuka Glencree, unapita mkabala na maporomoko ya Powerscourt yenye urefu wa mita 121, kisha unapanda bega la mlima Djouce.

Hapo Djouce nataka tutue kidogo, kwa sababu ndipo njia hii inapokuonyesha jinsi inavyotunzwa. Kinamasi kilikuwa kimeharibiwa vibaya na miguu ya watu, kwa hiyo yakaletwa mataruma ya zamani ya reli, yakalazwa mawili mawili kwa urefu, na juu yake zikapigiliwa nyaya ili buti lisiteleze. Unatembea juu ya mbao hizo kwa muda mrefu, zikipinda kufuata mgongo wa mlima. Kulia na kushoto kuna madimbwi ya maji yenye rangi ya chai ya mkandaa, na katikati yake nyasi nyeupe kama pamba zinazotikiswa na upepo. Upepo wa pale ni mkali. Siku ya mawingu huoni mbele zaidi ya taruma la kumi, lakini hupotei, kwa sababu mbao zenyewe ndiyo njia.

Baada ya Roundwood na Laragh unaingia Glendalough, na hapa ningekushauri ulale usiku mmoja zaidi ukiweza. Mtakatifu Kevin alianzisha monasteri katika bonde hili katika karne ya 6. Mnara wa duara wenye urefu wa mita 30 hivi bado umesimama, na mlango wake uko juu ya ardhi kiasi kwamba bila ngazi huingii. Mchana wa Jumamosi ya kiangazi bonde hujaa magari na watoto. Wanaolala huko ndio wanaoliona jioni, mabasi ya watalii yakishaondoka, maziwa yake mawili yakiwa yametulia.

Kutoka Glendalough unapanda kando ya maporomoko ya Poulanass, unavuka bega la Mullacor, na kushukia Glenmalure. Ni kilomita 14 tu, na kwangu ndiyo siku bora kuliko zote katika njia hii. Glenmalure ni bonde refu, lenye kuta kali na nyumba chache mno. Mwaka 1580 Fiach McHugh O'Byrne, chifu wa Kiairishi, na watu wake walivizia jeshi la Kiingereza la Lord Grey humu wakalivunja vibaya. Ukisimama chini ukatazama miteremko hiyo ya pande mbili utaelewa kwa nini. Baada ya uasi wa 1798 Waingereza waliona hawawezi kuwafuata waasi katika milima isiyo na barabara, wakajenga Military Road, barabara ya kijeshi ambayo hadi leo utaikuta ukielekea Wicklow kwa gari.

Baada ya Glenmalure mambo hubadilika, na hili watangazaji wa utalii hawalisemi wazi. Kusini kuna vilima vya chini, mashamba, misitu ya misonobari ya kupandwa na barabara nyingi za lami. Unapita Moyne, Tinahely, Shillelagh, unamalizia Clonegal. Si kubaya. Kuna ukimya na watu wana muda wa kuongea. Ila misitu ya misonobari ni mirefu na yenye giza, na kutembea lami siku nzima huumiza nyayo kuliko mlima. Ukifika Clonegal hukuti kituo cha reli. Utahitaji usafiri hadi Bunclody, kilomita chache, ndipo upate basi la kurudi Dublin.

Sasa tuipime. Usiku: vitanda ni vichache na vimetawanyika, hasa kati ya Glencree na Roundwood, na kati ya Glenmalure na Tinahely. Wenye nyumba za wageni wamezoea kuwafuata wageni kwa gari mahali njia inapokata barabara na kuwarudisha hapohapo asubuhi, lakini ni lazima mkubaliane mapema. Vipo pia vibanda vichache vya mbao vya kuta tatu vilivyojengwa na watu wa kujitolea, vya kumfaa mwenye godoro na mfuko wake wa kulalia. Kutoka: hapa Wicklow inazishinda zote kwa nusu ya kwanza. Basi la kila siku huunganisha Dublin na Glendalough kupitia Roundwood na Laragh. Ukichoka siku ya pili, jioni uko jijini. Glenmalure haina basi, lakini teksi hukufikisha kituo cha reli cha Rathdrum bila safari ndefu.

Dingle Way: milima inayoingia baharini

Treni kutoka kituo cha Heuston, Dublin, hadi Tralee huchukua karibu saa nne. Tralee ni mji wa kawaida wa biashara, na wengi huamkia njiani moja kwa moja. Kwa msomaji wa Kongo, au yeyote anayejali historia ya Kongo, kuna sababu ya kubaki nusu siku. Kaskazini-magharibi mwa mji kuna ufuko wa Banna, na hapo lipo kumbukumbu la Roger Casement. Huyu ndiye konseli wa Uingereza aliyepanda mto Kongo mwaka 1903 akarekodi kwa ushahidi wa watu wenyewe ukatili wa mpira chini ya Leopold II. Ripoti yake ilichapishwa 1904. Miaka 12 baadaye, akipigania uhuru wa Ireland, aliteremshwa Banna na nyambizi ya Kijerumani, akakamatwa siku hiyohiyo, na kunyongwa London tarehe 3 Agosti 1916. Mimi sikubali mtu wa kwetu apite Tralee bila kufika pale.

Njia yenyewe huondoka Tralee kupitia kinu cha upepo cha Blennerville na kufuata ubavu wa milima ya Slieve Mish hadi kijiji cha Camp. Kwa kuwa mwisho wa safari unarudi kwa kipande hikihiki, na kina tope jingi, watu wengi hupanda basi hadi Camp na kuanzia hapo. Nawaunga mkono. Hupunguzi kitu cha maana, unaokoa siku.

Kutoka Camp unavuka rasi hadi ufuko wa Inch, kisha Annascaul, alikozaliwa Tom Crean, baharia aliyekwenda Antaktika mara tatu pamoja na wavumbuzi Scott na Shackleton, kisha akarudi kijijini kwao kufungua baa aliyoiita South Pole Inn. Bado iko wazi. Siku inayofuata unaingia Dingle mjini, bandari yenye samaki, muziki na vitanda vingi kuliko popote katika njia hii. Halafu Ventry, ambako njia ni mchanga wa ufukweni wenyewe, na Slea Head, ambako unatembea kwenye mteremko juu ya bahari ukipita vibanda vya mawe vya duara vilivyojengwa bila chokaa. Mbele yako viko visiwa vya Blasket. Watu wa mwisho walihamishwa kutoka Kisiwa Kikuu mwaka 1953, na ukiwa Dunquin siku ya jua unaweza kuyaona magofu ya nyumba zao kwa macho.

Huku magharibi watu huzungumza Kiairishi, na vibao vya barabarani vimeandikwa kwa Kiairishi peke yake. Dunquin utaiona Dún Chaoin. Beba ramani yenye majina yote mawili, vinginevyo utasimama njia panda ukijiuliza.

Kisha inakuja siku ya Brandon. Njia hupanda kutoka upande wa magharibi hadi kwenye kipito kilicho kaskazini mwa mlima Brandon wenyewe, wenye mita 952, ikikaribia mita 650. Nguzo za alama zimepangwa moja baada ya nyingine zikipanda moja kwa moja, na juu kuna jiwe la kale lenye maandishi ya Ogham, yale ya mikato ya mistari kwenye ukingo wa jiwe. Mteremko wa upande wa pili ni mkali na unateleza. Siku ya wazi ni siku utakayoikumbuka kuliko zote. Siku ya mawingu, na Brandon hupenda mawingu, usiende. Rudi Dingle, panda gari uvuke kupitia Conor Pass hadi Cloghane, uendelee kesho. Hakuna aibu hapo, na wenyeji watakuambia vivyo hivyo.

Baada ya Cloghane kuna siku nzima ya ufuko wa mchanga kuelekea Castlegregory, tambarare kabisa. Wapo wanaoipenda. Mimi naona ni ndefu mno, hasa upepo ukiwa wa usoni.

Kwa vitanda Dingle ni karimu. Karibu kila mwisho wa siku kuna kijiji chenye nyumba za wageni, baa yenye chakula na duka, isipokuwa vitongoji vya mwisho kabla ya Brandon na Cloghane yenyewe, ambako vyumba ni vya kuhesabika. Kutoka nako ni rahisi, kwa sababu rasi ni nyembamba na barabara haiko mbali isipokuwa siku ile ya Brandon. Mabasi ya vijijini ni machache, lakini teksi zipo.

Kerry Way: ndefu, na upweke wa kweli

Huanzia na kuishia Killarney, mji wa watalii wenye treni, hoteli na farasi wa kuvuta magari. Unatoka kupitia hifadhi ya taifa ya Killarney, ya kwanza nchini, iliyoanzia mwaka 1932, na kama una bahati utaona kulungu wekundu. Siku ya kwanza inakufikisha Black Valley, bonde ambalo umeme uliingia miaka ya 1970, miongoni mwa sehemu za mwisho kabisa Ireland. Siku ya pili unatembea chini ya MacGillycuddy's Reeks, safu yenye Carrauntoohil, ukivuka vipito viwili hadi Glencar. Siku hizi mbili zinashindana na chochote kilichoko Wicklow, na nasema hivyo nikijua ninavyoipenda Glenmalure.

Tatizo ni zinazofuata. Glenbeigh hadi Cahersiveen ni karibu kilomita 28, Cahersiveen hadi Waterville karibu 30, na Sneem hadi Kenmare ni kama 30 tena. Kilomita 30 za Ireland, zenye ngazi za kuvuka uzio kila mara, kangaga za kufika kifuani mwezi Agosti na kinamasi, ni saa tisa hadi kumi za kutembea. Katikati hakuna duka. Ukiteguka mguu kwenye mgongo wa mlima kati ya Glenbeigh na Cahersiveen, barabara iko chini lakini si karibu.

Malipo yake yapo. Ukivuka kutoka Waterville kwenda Caherdaniel, siku ya wazi, utaviona visiwa vya Skellig vimechomoza baharini. Hapo chini iko Derrynane, nyumba ya Daniel O'Connell, mwanasheria aliyewapigania Wakatoliki wa Ireland hadi wakaruhusiwa kuingia bungeni mwaka 1829, na ambaye hakuacha kupaza sauti dhidi ya utumwa Marekani hata ilipomgharimu michango ya fedha. Nyumba iko wazi kwa wageni, na ufuko ulio mbele yake ni miongoni mwa fuko nzuri nilizoziona popote.

Kerry Way inataka siku nane au tisa za kutembea na miguu iliyozoea. Kama huna siku hizo, usijilazimishe. Fanya Killarney, Black Valley, Glencar hadi Glenbeigh, kisha rudi kwa gari.

Mvua, mwanga na usubi

Dublin hupata takribani milimita 750 za mvua kwa mwaka. Valentia, kwenye ncha ya rasi ya Iveragh, hupata mara mbili yake, na milima ya Kerry huzidi hapo mbali. Kwa hiyo anayeogopa kuloa achague Wicklow. Huku magharibi mvua hainyeshi ikaisha kama ya masika. Ni manyunyu yanayokuja na upepo kutoka baharini, yanakuacha nusu saa, yanarudi. Koti jepesi la mjini litapenywa na maji siku ya kwanza. Beba koti na suruali ya mvua vilivyo imara, na mfuko wa plastiki wa kuwekea pasipoti na simu.

Miezi mizuri ni Mei, Juni na Septemba. Juni jua la Kerry huzama karibu saa nne usiku na kuchomoza kabla ya saa kumi na moja na nusu alfajiri, kwa hiyo giza halikukimbizi hata siku ya kilomita 30. Kwa Muislamu hilo lina maana ya Isha ya usiku wa manane au baada yake, na Alfajiri inayokuja upesi. Pangilia usingizi wako. Julai na Agosti kuna usubi jioni zisizo na upepo, na vyumba hujaa. Agosti tarehe 10 hadi 12 ni tamasha la Puck Fair katika mji wa Killorglin, Kerry, na mwezi huohuo Tralee huwa na tamasha la Rose of Tralee. Siku hizo kitanda cha karibu hukipati hata kwa bei ya kuruka. Kupe wapo katika njia zote tatu, na baadhi hubeba ugonjwa wa Lyme. Vaa suruali ndefu, jikague kila jioni, hasa nyuma ya magoti.

Meza na kitanda

Nyumba za wageni za Ireland hutoa kifungua kinywa kikubwa, na kwa desturi sahani hiyo ina soseji za nguruwe, bekoni na soseji nyeusi ya damu. Mwambie mwenye nyumba jioni, si asubuhi, kwamba huli nguruwe; utaletewa mayai, uji wa shayiri, mkate wa soda na pengine samaki wa kuvutwa moshi. Nyama ya halali vijijini usiitegemee. Dingle ndiyo yenye afadhali kubwa, kwa sababu ya samaki wabichi. Wicklow mezani kuna supu, mikate na mboga, na mara nyingi mahali pekee pa kula jioni ni baa, ambayo huko ni sebule ya kijiji: utaona watoto na bibi wa miaka 80, na hakuna atakayekulazimisha kinywaji.

Gharama kubwa ni malazi. Chumba cha wawili msimu wa watalii mara nyingi huzidi Euro 100 kwa usiku, na anayesafiri peke yake hulipa karibu sawa na wawili. Killarney na Dingle mjini ni ghali kuliko vijiji vya Wicklow kusini.

Kumbuka pia kwamba sehemu kubwa ya njia hizi hupita kwenye mashamba ya watu kwa ridhaa yao. Sheria haikupi haki ya kukatiza popote. Funga geti ulilolikuta limefungwa, usiwasogelee kondoo wenye watoto, na mbwa hawaruhusiwi sehemu nyingi. Ukipata ajali piga 112, uombe uokoaji wa milimani. Wanaokuja ni watu wa kujitolea, wengi wao wametoka kazini.

Basi uchague ipi

Kama una siku nne au tano na unashukia Dublin, chagua Wicklow, Marlay Park hadi Glendalough, kisha Glenmalure kwa siku moja ya ziada, na uiache nusu ya kusini bila majuto. Kama hujawahi kutembea siku mbili mfululizo maishani, chagua hiyohiyo, kwa sababu ya lile basi.

Kama una siku saba au nane na unataka safari inayokamilika, unaanza mahali na kurudi hapohapo, chagua Dingle. Ndiyo ninayowapendekezea wengi. Inakupa mlima, bahari, lugha na watu, na kila jioni kuna mlango wa kubisha. Acha siku moja tupu kwenye ratiba yako kwa ajili ya Brandon. Usipange ndege ya kurudi asubuhi baada ya siku ya mwisho.

Kerry ni ya mtu aliyeshatembea moja ya hizo mbili akajua miguu yake inafanya nini siku ya tano. Huyo nitamwambia aende bila wasiwasi, mwezi Mei, kabla kangaga hazijakua.

Njia yoyote utakayoichagua, usianze kuhifadhi vyumba kutoka siku ya kwanza. Anza na kitanda kigumu kupatikana: Wicklow ni Glenmalure, Dingle ni Cloghane, Kerry ni Black Valley. Ukishapata hicho, panga siku zilizobaki kurudi nyuma na kwenda mbele kutoka hapo.